Sahani ya Mama, Maziwa ya Mtoto: Mwongozo kwa Anayenyonyesha Nairobi

Wiki ya tatu baada ya kujifungua kifungua mimba wangu, nilikamua maziwa kidogo kwenye glasi nikayainua dirishani nipate kuyaona vizuri. Yalikuwa mepesi, yana usamawati kwa mbali, kama maji yaliyooshewa mchele. Mshahara ulikuwa haujaingia na nilikuwa nimekula ugali na sukuma wiki siku tatu mfululizo. Jirani aliyekuja kuniona akaitazama ile glasi, akatikisa kichwa. "Haya ni maji, mama. Mtoto hawezi kushiba hapa."

Nililia usiku ule. Asubuhi nikambeba mtoto hadi kliniki, nikamwambia muuguzi, "Sista, maziwa yangu hayana kitu." Yeye akamweka mtoto kwenye mizani kwanza, akaandika uzito kwenye kijitabu, ndipo akaniuliza, "Hayo maziwa uliyaacha yakatulia, mama, au uliyamwaga?" Nilikuwa nimeyamwaga. Akaniambia nikamue tena, nifunike glasi, niiweke mahali pa baridi kwa saa kadhaa. Jioni nilipoifunua, utando mzito wa rangi ya manjano hafifu ulikuwa umepanda juu. Mafuta yalikuwemo muda wote. Na mtoto, kwa mujibu wa mizani, alikuwa akiongezeka sawasawa.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mama aliye pale nilipokuwa usiku ule, awe Kayole, Kangemi au Lang'ata. Sehemu kubwa ya maziwa yako haitegemei ulichokula leo. Viko virutubishi vichache vinavyotegemea sahani yako moja kwa moja, na hivyo ndivyo vya kufuatilia. Vilivyobaki mwili huvipeleka kwa mtoto hata usipovila, lakini huvichota kwako.

Hatua ya 1: Acha kuyapima maziwa kwa macho

Maziwa ya mama ni maji kwa takribani asilimia 87. Sukari ya maziwa ni kama asilimia 7, mafuta kama asilimia 4, protini kama asilimia 1, halafu vitamini, madini na chembe za kinga. Ya ng'ombe huonekana mazito kwa sababu yana protini karibu mara tatu zaidi. Ndama husimama siku ile ile anayozaliwa na hukua upesi. Mtoto wa binadamu hana haraka hiyo, na figo zake bado changa haziwezi protini yote ile.

Sukari na protini katika maziwa yako karibu hazibadiliki, uwe umekula pilau au ugali mkavu. Jumla ya mafuta pia haifuati sana chakula. Hufuata titi. Titi likiwa limejaa, maziwa ya mwanzo huwa mepesi. Kadiri linavyopungua, ndivyo mafuta yanavyozidi. Kwa hiyo anayetaka mtoto apate mafuta zaidi asikimbilie sufuria. Amwache mtoto anyonye titi moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo ampe la pili. Wengi wetu tunabadilisha upande kila baada ya dakika tano kwa sababu tuliambiwa hivyo, na mtoto anabaki akinywa ya mwanzo tu.

Kiasi nacho huamuliwa na mtoto. Mtoto anayenyonya tu bila kupewa kitu kingine hupata kama mililita 750 hadi 800 kwa siku, na titi hutengeneza kulingana na linavyomalizwa. Huko Keneba, kijiji cha Gambia, watafiti waliwapa akina mama wanaonyonyesha chakula cha ziada. Matokeo yalichapishwa miaka ya 1980. Kiasi cha maziwa hakikuongezeka. Wale walikuwa wanawake wakulima, wenye misimu ya njaa, na maziwa yao yalikuwa yakitosha kabla ya chakula kile.

Nakazia hapa kwa sababu nimeona akina mama wakiacha kunyonyesha kwa kuona haya kwamba hawali vizuri. Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini. Maziwa yanayotolewa na akina mama wengine hupashwa moto kwa kipimo na kupewa vichanga wagonjwa au waliozaliwa kabla ya wakati. Hospitali inayakusanya kama dawa. Usiyadharau ya kwako kwa sababu ya sukuma wiki.

Hatua ya 2: Jua mwili wako unatoa nini mfukoni mwake

Kalsiamu, madini ya chuma, zinki na folati viko katika maziwa kwa kiasi kile kile, ule usile. Ukipungukiwa na kalsiamu, mwili huichukua kwenye mifupa. Wanawake hupoteza asilimia chache ya uzito wa mifupa wakati wa kunyonyesha, na kwa kawaida hurudi baada ya mtoto kuacha ziwa. Folati pia hutolewa kwenye akiba ya mama.

Madini ya chuma yana hadithi yake. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, ingawa mtoto hukinyonya vizuri. Tegemeo lake la miezi ya mwanzo ni akiba aliyojiwekea tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, pamoja na damu anayoipata kitovu kisipokatwa haraka. Ndiyo sababu wakunga wa siku hizi husubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kubana kitovu. Kula maini sasa hakutaongeza chuma kwenye maziwa. Kutakuongezea wewe, uliyepoteza damu wakati wa kujifungua na unayepanda ngazi ghorofa ya nne na mtoto mgongoni huku moyo unadunda. Kama kliniki ilikwambia uendelee na vidonge vya chuma na folati baada ya kujifungua, vimeze mpaka viishe. Usimpelekee dada yako mjamzito.

Hatua ya 3: Jua vile vinavyofuata sahani

Hapa ndipo chakula chako kinapofika kwa mtoto moja kwa moja. Vitamini A, B1, B2, B6 na B12, kolini, iodini, seleniamu, na yale mafuta ya samaki yaitwayo omega-3. Ukivikosa wewe kwa muda mrefu, hupungua katika maziwa, na mtoto naye hupungukiwa.

Ushahidi wa zamani wa jambo hili ulitoka Ufilipino, mwanzoni mwa karne ya 20. Vichanga walionyonyeshwa vizuri, wanene kwa kuwatazama, walikuwa wakipoteza sauti, wakivimba na kufa kwa moyo kushindwa kazi. Mama zao walikuwa wakiishi kwa mchele mweupe uliokobolewa, ambao vitamini B1 imeondoka pamoja na pumba. Maziwa yalikuwepo tele, ila kirutubishi kimoja tu hakikuwemo.

B12 ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa hapa kwetu, kwa sababu haipatikani kwenye mboga wala nafaka wala maharagwe. Hutoka kwa vyenye uhai wa mnyama tu: nyama, samaki, mayai, maziwa. Mama anayekula githeri, sukuma na ugali miezi na miezi anaweza kujisikia mzima kwa kuwa ini lake lina akiba ya zamani, lakini mtoto hana akiba hiyo. Upungufu wake kwa mtoto hugusa damu na ubongo: huwa mlegevu, hataki kunyonya, anarudi nyuma kwa mambo aliyokwisha kujifunza. Mama asiyekula kabisa vitu vya mnyama, kwa imani au kwa hiari, anahitaji vidonge vya B12, na amweleze muuguzi bila kuona haya.

Iodini ni kwa ajili ya akili ya mtoto. Anayenyonyesha anahitaji kama mikrogramu 250 kwa siku. Omega-3 huenda kwenye ubongo na macho. Vitamini A hulinda macho na kinga. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ndogo sana ya vitamini A, na dang'a, yale maziwa ya manjano ya siku za kwanza, ndiyo chanjo yake ya mwanzo na pia shehena yake ya kwanza ya vitamini hiyo. Usiyakamue ukamwaga kwa kuambiwa ni machafu.

Hatua ya 4: Nenda sokoni ukijua unachotafuta

Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu cha ziada wiki hii, nunua omena, wale dagaa wadogo wakavu.

Omena huliwa mzima, kichwa, mifupa na matumbo, na kwa hiyo unapata B12, omega-3, seleniamu, kalsiamu na protini kwa mkupuo mmoja. Gikomba wapo kwa magunia, na mama mboga wa mtaani anakupimia kwa kikopo. Chagua wakavu wanaong'aa, wasionuka uvundo, wasio na mchanga mwingi. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, wakaange kwanza peke yao mpaka wakauke, ndipo utie kitunguu, nyanya na dania. Anayesumbuliwa na harufu akamulie limau. Mara tatu kwa wiki, hata kiganja kimoja, ni mali.

Mayai yanakuja nyuma yake. Kiini kina kolini, vitamini A na B12, na yai la kuchemsha linauzwa kila kona ya jiji pamoja na kachumbari. Yai moja kwa siku likipatikana, vizuri. Maini ni hazina kubwa ya vitamini A na B12, tena nusu kilo si lazima. Kipande cha ukubwa wa kiganja mara moja kwa wiki kinatosha, na hakuna haja ya kuyala kila siku kwa sababu vitamini A ikizidi nayo ni tatizo. Matumbo pia yana B12, na bei yake ni nafuu kuliko nyama ya paja. Maziwa na mala vinaongeza B2 na B12. Maziwa ya kwenye chai yanahesabiwa, mradi chai iwe ya maziwa kweli.

Mboga ni pale ambapo Nairobi inatubariki. Managu, terere, kunde, saga na matembele vina vitamini A na folati nyingi, na unavipata kwa fungu. Sukuma wiki pia ni mboga nzuri sana; usiidharau kwa sababu ni ya kila siku. Zipike kwa muda mfupi, na usimwage maji yake. Kitu ambacho hatuambiwi vya kutosha ni kwamba vitamini A ya mboga haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Ukila sukuma ya kuchemsha kwa chumvi peke yake, sehemu kubwa ya vitamini hiyo inapita tu. Weka kijiko cha mafuta, au kula na kipande cha avokado. Karoti, malenge na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani vinaingia kwenye kundi hilo hilo. Tukiwa hapo, osha mboga kwa maji mengi yanayotiririka. Kuna mashamba ya jijini yanayonyweshwa maji ya mitaro, na mama mboga mwaminifu atakwambia zake zimetoka wapi ukimuuliza.

Sasa vitu vitatu vidogo vya dukani, ambavyo kwa maoni yangu vina uzito kuliko poda zote za kuongeza maziwa.

Chumvi. Ya pakiti nchini Kenya huwa imewekwa iodini. Iodini hupotea kwa joto, unyevu na mwanga, kwa hiyo mimina chumvi kwenye mkebe wenye kifuniko, uweke mbali na jiko, na uitie chakulani karibu na kuepua. Usiongeze chumvi ili upate iodini zaidi. Kiasi chako cha kawaida kinatosha ikiwa umekitunza.

Mafuta ya kupikia. Sheria inataka yaongezwe vitamini A, lakini vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Mafuta ya kupima yaliyokaa juani kwenye chupa nyeupe mbele ya duka yamepoteza sehemu yake. Ukinunua ya kupima, nunua kidogo kidogo kwa muuzaji anayeyaweka ndani, na nyumbani uyafiche kabatini.

Unga. Tangu mwaka 2012, unga wa mahindi wa pakiti na unga wa ngano lazima uongezwe madini na vitamini, zikiwemo za kundi B. Unga wa kusaga kisiagini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, ila ukisagwa bila kukobolewa hubaki na kiini chake chenye B1. Mbaya kuliko yote ni mahindi yaliyokobolewa yakawa meupe pe halafu yakasagwa bila kuongezewa chochote. Wali mweupe mchana na usiku, wiki nzima, una shida ile ile ya Ufilipino. Changanya na ndengu, kamande au maharagwe, ambayo yana B1.

Kuhusu wingi wa chakula: kunyonyesha kunataka takribani kalori 500 zaidi kwa siku. Hiyo ni chapati moja, nusu avokado na yai la kuchemsha. Sehemu ya nguvu hiyo mwili huitoa kwenye mafuta uliyojiwekea ukiwa mjamzito, kwa hiyo usihesabu kwa kalamu, kula ukisikia njaa. Mlo mmoja mdogo wa ziada unatosha. Lile la kulazimishwa sinia zima kwa sababu "unakulia wawili" huishia kuwa maumivu ya tumbo.

Hatua ya 5: Isogeze chai

Hii ni hatua fupi lakini ninawasihi muifuate. Chai ya rangi na ya maziwa pia ina kitu kinachozuia chuma cha mboga na maharagwe kuingia mwilini. Githeri ikiteremshwa kwa chai, chuma kingi kinapita bure. Kunywa chai saa moja baada ya chakula. Pamoja na chakula, kula chungwa, nyanya mbichi au embe, kwa kuwa vitamini C huvuta chuma ndani.

Kahawa hupita kwenye maziwa kidogo, na mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuiondoa mwilini. Usizidishe vikombe viwili kwa siku, na ukiona mtoto halali na anashtukashtuka, punguza uone.

Hatua ya 6: Kunywa kwa kiu, si kwa amri

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Murang'a na gunia dogo la njahi, yale maharagwe meusi, thermosi mbili na masharti yake. Kila saa kikombe cha uji. Siku ya nne nikamwambia, "Mama, tumbo limejaa, siwezi tena." Akanitazama kwa huruma, akasema, "Kunywa tu, mwanangu, ndiyo maziwa hayo."

Nampenda na nashukuru kila kikombe, lakini maji mengi hayaongezi maziwa. Ukikaukiwa utachoka na kupata choo kigumu, kwa hiyo weka glasi ya maji karibu kila unapoketi kunyonyesha, unywe kiu ikija. Mkojo ukiwa wa manjano mepesi, umetosheka. Alichokuwa akinipa mama, pamoja na uji, kilikuwa chakula: njahi zina protini, folati na chuma, wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, supu ya mifupa ilinitia joto. Na kilichokuwa kikubwa zaidi ni kwamba alinifulia nepi, akanipikia, nikalala na mtoto kifuani mchana kutwa. Mtoto alinyonya kila alipotaka. Hilo ndilo lililoongeza maziwa.

Ukiona maziwa yamepungua, nyonyesha mara nyingi zaidi, hasa usiku, au kamua katikati ya minyonyo. Kisha mwombe muuguzi aangalie jinsi mtoto anavyoshika titi.

Hatua ya 7: Angalia vinavyopita pamoja na virutubishi

Pombe hufika kwenye maziwa kwa kiwango kile kile kilicho katika damu, na hutoka damu inavyosafika. Kukamua na kumwaga hakuiharakishi. Kinywaji kimoja huhitaji kama saa mbili. Bora uache kabisa miezi ya mwanzo, na usimlaze mtoto kitandani kwako ukiwa umekunywa. Miraa na muguka navyo hupita, na juu ya hayo humkatia mama hamu ya chakula.

Kuvu ya mahindi na njugu ni jambo ambalo wakazi wa jiji tunalisahau. Sumu yake, aflatoksini, haiishi kwa kupikwa, na sehemu yake hutokea kwenye maziwa ya mama. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Ukipelekewa mahindi kutoka nyumbani, yachambue kwa mkono kabla ya kuyapeleka kisiagini. Tupa yaliyobadilika rangi, yaliyonyauka au yenye unga wa kijani. Njugu chungu iteme na uitupe yote iliyofanana nayo. Yanayotupwa usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa.

Halafu kuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa kando ya vitunguu kwenye vibanda. Hamu ya kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe hukizuia chuma, kwa hiyo hamu inazidi. Udongo huo unaweza pia kuwa na madini ya risasi au mayai ya minyoo. Usijilaumu; pima damu kliniki, na hamu hiyo mara nyingi hupoa damu ikipanda.

Hatua ya 8: Rudisha vyakula ulivyokatazwa bila sababu

Maharagwe, kabichi, avokado, samaki, mayai, vitunguu saumu, vyote nimeambiwa niache. Gesi ya maharagwe hutengenezwa ndani ya utumbo wako na hubaki huko huko. Haiingii kwenye damu ikafika titini. Mama anayekatazwa maharagwe, mayai na samaki kwa pamoja anabaki na ugali na chai, na hapo ndipo maziwa yanapokosa vile virutubishi vya hatua ya tatu.

Kinachopita ni ladha na harufu. Watafiti wa Philadelphia, Marekani, walionyesha mwaka 1991 kwamba mama akila kitunguu saumu, harufu hufika kwenye maziwa baada ya saa mbili hivi, na watoto hawakukataa. Walikaa titini muda mrefu zaidi. Mwaka 2001 wakaonyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha waliipokea karoti kwa urahisi walipoanza kula. Mtoto wako anajifunza managu kupitia kwako.

Watoto wachache sana hudhuriwa na protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwa mama. Ukiona choo chenye damu au ukurutu usiopona, mwone daktari. Anaweza kukuambia uache maziwa ya ng'ombe wiki mbili hadi nne ili aone mabadiliko. Usijikataze mwenyewe kwa kubahatisha.

Hatua ya 9: Usiyadai maziwa yasichoweza

Vitamini D katika maziwa ya mama ni ndogo hata kwa mama anayekula vizuri. Hutoka juani, na Nairobi iko karibu na ikweta, lakini mtoto wa ghorofani aliyefungwa shali tatu na kofia halioni jua hilo, na matege bado yanaonekana katika jiji hili. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Mtoe asubuhi kwa dakika chache, miguu na mikono ikiwa wazi, uso kivulini, na muulize muuguzi kuhusu matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku, hasa kama nyumba yenu haina baraza wala uwanja.

Madini ya chuma nayo, kama nilivyosema, hukaribia kwisha kwenye akiba ya mtoto akifika miezi sita. Mpaka hapo maziwa pekee yanatosha, bila maji, bila uji, bila glukosi. Mwaka 2003 ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 60. Baada ya miezi sita, yale yale uliyokuwa ukiyala mponde naye aanze: maini yaliyosagwa, omena walioondolewa mchanga na kusagwa unga ukanyunyiziwa kwenye uji, kiini cha yai, managu yenye mafuta. Titi liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Miezi sita pia ndiyo wakati wa kidonge cha kwanza cha vitamini A kliniki, kile cha buluu, na hurudiwa kila baada ya miezi sita, kikiwa chekundu baada ya mwaka, mpaka mtoto afikishe miaka mitano.

Hatua ya 10: Pima kwa mizani na nepi

Mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na mstari wa uzito wake kwenye kijitabu cha mama na mtoto hupanda. Hivyo viwili ndivyo vya kuamini. Kulia jioni, kutaka titi kila saa na matiti kulegea baada ya wiki chache ni mambo ya kawaida.

Nenda kliniki bila kungoja tarehe ikiwa mstari umelala au umeshuka, mtoto ni mlegevu au sauti yake imebadilika, nepi ni kavu. Au ikiwa wewe unasikia kizunguzungu, viganja vimekuwa vyeupe, mkono wako wa juu umekonda sana, au huna hamu ya kula wala ya kumshika mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kukupima mkono kwa utepe papo hapo nyumbani. Mwambie ukweli kuhusu chakula kilichoko ndani ya nyumba, hata kama ni aibu kuusema, kwa sababu baadhi ya vituo vya afya vina mpango wa chakula cha nyongeza kwa mama anayenyonyesha aliyekonda, na hawezi kukuandikisha kama umemwambia kila kitu kiko sawa.